Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Ghala nililolisimamia Mtwara, miaka ile bandari mpya ilipoanza kupokea meli, lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa mpana, lori liliweza kuingia kinyumenyume. Wa nyuma ulikuwa mwembamba, na ulipigwa kufuli tangu magunia ya korosho yalipopotea kupitia huko. Kati ya milango hiyo, kila msimu, walikaa wanawake wa Likombe juu ya mikeka wakichambua korosho, nzima huku, mbovu kule. Mmoja wao alikuwa dada yangu mkubwa, aliyerudi kutoka Mahurunga baada ya kufiwa na mumewe.

Tajiri wetu aliuza pia mafuta ya taa. Madebe yake yalipangwa kando ya mlango wa mbele ili wateja wasipate sababu ya kuingia ndani. Nilipita hapo kila asubuhi na sikuona neno.

Siku moja akaja afisa wa kazi wa serikali, Mzungu kijana, pamoja na mkalimani. Korosho hakuzitazama. Alitazama madebe, akatazama paa, akapita katikati ya wanawake mpaka mlango wa nyuma, akalishika lile kufuli. Akauliza nani anahusika na moto katika jengo hili.

Tajiri alinigeukia bila kusita. "Huyu. Dhamana ya moto iko kwake."

Ndivyo nilivyopata habari ya dhamana yangu, kalamu ikiwa sikioni, mbele ya watu. Ufunguo wenyewe ulikuwa umetundikwa ofisini kwa tajiri, na ilibidi atume mtu aulete.

Mkalimani alitueleza kwamba sheria inataka watu wakiwa kazini mlango ufunguke kwa mkono wa yeyote aliye ndani, bila kutafuta ufunguo. Tajiri aliitikia kwa kichwa. Gari lao lilipoondoka alinikabidhi ufunguo.

"Moto ukitokea, fungua. Korosho zikiibwa, utanijibu. Lakini kufuli lisitoke pale."

Tangu saa ile sikutulia. Mtu aliyekulia Mpapura anajua ganda la korosho linavyowaka. Mafuta yake huruka yakilia, na moshi wake mweusi hufumba macho kabla moto haujakufikia. Nilianza kuona ghala kwa namna nyingine. Mbele mafuta ya taa, katikati magunia na wanawake, nyuma kufuli, na ufunguo mmoja mfukoni mwangu. Nikienda msalani niliwaza. Nikienda kusali adhuhuri, niliufunga ufunguo kwenye ncha ya leso nikampa dada yangu, na hata nilipokuwa nimesujudu nilikuwa nikinusa hewa.

Wanawake waliniona ninavyozunguka.

"Shemeji, huo mlango umeuoa?" mmoja aliuliza.

"Kauoa," akajibu mwenzake, "na wivu anao. Hata nzi hapiti!"

Walicheka. Dada yangu hakucheka, alinitazama tu.

Nilikuwa nimejifunza kusoma ukubwani, na nilizoea kutafuta jibu mahali lilipoandikwa. Nikaenda bomani kwa karani mmoja wa mahakama niliyefahamiana naye. Nilimuuliza kama mwenye jengo anaweza kumpa mtu mwingine dhamana kama anavyompa kofia.

"Kofia utavaa wewe," alisema, "lakini jengo linabaki lake. Hawezi kulikana mbele ya hakimu."

Nilishusha pumzi. Akaendelea, "Ila na wewe, bwana, usifurahi. Ulijua mlango haufunguki, ukanyamaza. Utaulizwa ulifanya nini."

Nilirudi kwa miguu nikiwa na mzigo mzito kuliko niliokwenda nao. Kesho yake tajiri alipokuwa bandarini, niliwaambia wanawake waache kazi. "Moto hakuna," nikasema. "Lakini tujaribu kana kwamba upo. Inukeni, njooni nyuma."

Walikuja kwa kusukumana na mizaha, mmoja akipiga kelele za uongo. Niliingiza ufunguo. Haukuzunguka. Hewa ya chumvi ilikuwa imelila kufuli kwa ndani. Niliutoa, nikaupangusa, nikaurudisha. Nyuma yangu vicheko vilipungua, kisha vikaisha kabisa. Nilisikia pumzi zao shingoni mwangu. Kufuli lilipokuja kuachia, hakuna aliyetoka nje. Walisimama wakilitazama.

"Mdogo wangu," dada yangu alisema, "kule Mahurunga shamba hatulifungi kwa kufuli."

"Hapa si shamba, dada."

"Nguruwe ni mwizi, na mtu ni mwizi. Tunatandika kamba yenye makopo. Akigusa, tumesikia. Weka komeo kwa ndani, halafu mlango uutundikie makopo. Atakayeufungua kwa wizi ataufungua kimya kimya?"

"Na mimi mkeka wangu nitauhamishia hapo," alisema yule aliyeniita shemeji. "Niwe mke mwenza wa mlango."

Tulifanya hivyo siku ileile. Kufuli nililitoa, na komeo nikalichonga mwenyewe kwa mti wa mkorosho. Makopo ya maziwa wanawake waliyaleta kutoka majumbani. Madebe ya mafuta ya taa tuliyahamishia chini ya kibanda cha uani.

Tajiri alirudi jioni, wanawake wakiwa bado kwenye mikeka. Aliingia, akavuta komeo na kusukuma mlango wa nyuma, na makopo yakapiga kelele ya kuamsha mtaa.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Bwana, ulisema dhamana ni yangu."

"Nilikupa dhamana. Amri sikukupa!"

Kazi nyingine sikuwa nayo. Nilitoa ufunguo mfukoni nikaunyoosha kwake. "Basi pokea, bwana. Useme mbele ya hawa kwamba kuanzia leo dhamana ya moto ni yako. Nami kufuli nitalirudisha sasa hivi."

Mikono ya wanawake ilisimama juu ya korosho. Dada yangu alikuwa ameinuka. Tajiri aliutazama ufunguo kwenye kiganja changu, akawatazama wao mmoja mmoja. Aliinua mkono wake nusu, kisha akautia mfukoni mwa koti.

"Zikiibwa, utanijibu," alisema, akatoka kwa mlango wa mbele.

Komeo lilibaki. Lakini utulivu sikuupata. Upepo wa bahari ulipotikisa makopo, wote tuliinuka, na hatukukaa tena mpaka mmoja wetu aende akaangalie.