Mjukuu wa Wapagazi Aenda Pwani

Mume wangu aligundua starehe ya kulala nje alipokwisha kuvuka miaka hamsini. Watu wa ukoo wake wamelala nje tangu enzi, wakilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, wakichochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku kule Usoke, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba alikuwa anastarehe. Ilibidi aje yeye, mwalimu wa historia mwenye kitambi na simu mpya, aone video za watu wanaochoma nyama kando ya mahema, ndipo ukoo ukapata mwanga.

"Tutakwenda kupiga kambi kwenye hifadhi moja iliyoko ufukweni," aliniambia tukiwa mezani. "Tutaifuata njia ya misafara, kutoka hapa Tabora mpaka baharini. Babu zangu waliipita kwa miguu, na pembe za ndovu mabegani."

"Na wewe utaipitaje?"

"Kwa gari."

Nikamwambia babu zake wangefurahi sana kusikia hivyo.

Mimi ni muuguzi. Likizo yangu huitumia kulala, kitandani, chini ya bati. Lakini watoto wetu wamekua na kutawanyika, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumsingizia.

Hema liliagizwa Dar es Salaam, likaja kwa basi ndani ya mfuko mwembamba hata nikadhani tumeletewa mwavuli. Mwalimu akataka kulijaribu uani. Maelezo yake yalikuwa ya Kichina, na picha zake zilionyesha mtu anayetabasamu, jambo ambalo halikutusaidia. Alihangaika nalo asubuhi nzima, mwishowe likasimama likiwa limeegemea upande mmoja kama mlevi anayesikiliza mahubiri. Haukupita muda jirani yetu akabisha hodi, amejitanda kanga, uso umemshuka.

"Poleni jamani," alisema. "Ni nani?"

Kwetu turubai likisimama uani ni harusi au msiba, na Mwalimu, kwa jasho lile, hakufanana na bwana harusi. Nilimweleza jirani kwamba hakuna aliyekufa, tunajaribu tu mahali tutakapolala likizoni. Akalitazama hema, akanitazama mimi, kisha akasema atatuombea.

Siku mbili tatu kabla ya kuondoka, Mwalimu akasema, bila kunitazama, "Mama naye anakuja."

Mama mkwe wangu amepita miaka sabini. Ni Mmoraviani wa kiti cha mbele, mkulima wa tumbaku tangu akiwa binti, na hakuwa amewahi kufika mbali kuliko Dodoma. Nilimuuliza Mwalimu kama ana hakika mama wa umri ule alale chini kwenye mchanga. Akasema hewa ya bahari ni nzuri kwa wazee. Katika masomo yangu yote ya uuguzi nilikuwa sijakutana na dawa hiyo, lakini yeye alishaisoma kwenye simu.

Mama alishuka kwenye treni kutoka Usoke na dumu la asali, godoro lake lililofungwa kwa kamba, na mfuko mkubwa wa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa mpaka vikakauka.

"Shikamoo mama," nikamsalimu.

"Marahaba mwanangu. Gari liko wapi?"

Hakuuliza kingine.

Tuliondoka Tabora asubuhi kwa barabara ya Nyahua, Chaya, Itigi, Manyoni. Mwalimu alisimamisha gari kila mahali alipoamini kwamba msafara uliwahi kusimama, nami nikagundua kwamba misafara ilikuwa inasimama mno. Alishuka, akanyoosha mkono kuelekea porini, akatueleza wapagazi walivyochota maji pale, walivyotua mizigo pale, walivyougua pale. Mama alikuwa msikilizaji mzuri kuliko mimi. Kila historia ilipoanza alikwenda nyuma ya kichaka kujisaidia, akarudi, akasema, "Haya, twende." Usiku tulilala Dodoma kwenye nyumba ya wageni yenye vitanda na maji ya moto. Nikijumlisha safari nzima, pale ndipo nilipopumzika.

Kesho yake alasiri tulifika kwenye lango la hifadhi. Tulipokewa na askari mmoja wa wanyamapori, mtu mzima, mrefu, mwenye uso wa upole ambao baadaye uligundulika kuwa ni wa uongo.

"Mnatokea wapi?" aliuliza.

"Tabora," Mwalimu akajibu, kifua mbele.

"Wanyamwezi?"

"Hasa."

"Basi mmekwisha. Mimi Mzigua."

Watu wa bara na watu wa pwani hii ni watani tangu enzi hizo za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mama yako, akachukua kofia yako akaivaa, nawe huruhusiwi kukasirika. Mwalimu alikuwa amewafundisha wanafunzi wake jambo hilo kwa miaka mingi. Kufundisha na kutendewa ni vitu viwili.

Sehemu ya kambi ilikuwa ng'ambo ya tuta la mchanga, na gari lisingeweza kufika. Askari akasema lipo toroli.

"Toroli la nini?" Mwalimu akauliza. "Babu zangu walibeba pembe toka Unyanyembe mpaka hapa." Akalitupia boksi la barafu begani, akashika hema mkono wa pili, akaanza kupanda tuta. Lazima nikiri alianza vizuri. Miguu yake ilizama, akaitoa, ikazama tena, naye akawa anatueleza kwa sauti inayozidi kukatika jinsi kiongozi wa msafara alivyotembea mbele. Alipofika juu akainama kutua boksi, na hakuinuka.

Nilidhani ameona kome.

"Mwalimu?"

"Usiniguse."

Nikamgusa. Nikampima miguu, nikamwambia achezeshe vidole, nikamuuliza kama anahisi ganzi. Hakuwa na ganzi. Misuli ya kiuno ilikuwa imekaza tu, kama inavyowakaza watu wanaobeba kitu kizito kuliko chaki kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nilimwambia atapona kwa kupumzika, dawa ya maumivu na joto, na kwamba kwa siku zilizobaki asibebe chochote, hata hoja.

Askari alichuchumaa mbele yake, akamtazama usoni kwa makini, kisha akamgeukia mama.

"Bibi, huyu ni Mnyamwezi kweli, au mmemwokota njiani?"

"Nimemzaa mwenyewe," mama akajibu. "Lakini nilimsomesha."

Toroli lililetwa, magurudumu yakazama kwenye mchanga kabla hata mgonjwa hajapanda. Ikabidi askari awaite wenzake wawili, tukatandaza turubai, tukamlaza juu yake, kila mtu akashika pembe yake, na mimi nikashika ya nne. Hivyo ndivyo mjukuu wa wapagazi alivyoingia pwani: chali, akitazama mbingu, akituomba tusimtikise. Nyuma yetu mama alikuja na boksi la barafu kichwani, bila kulishika, akiuliza kama bado ni mbali.

Tulimtua chini ya mivinje. Askari akajifuta jasho.

"Zamani msafara ukipita kwenye nchi ya watu ulilipa hongo," alisema. "Ninyi mmepitisha mzigo mzito, tena unaolalamika. Mnanipa nini?"

Mama akafungua mfuko, akampa konzi ya matobolwa. Askari akatafuna, akatafuna, akasimama kidogo kupumzisha taya.

"Bibi, hiki ni chakula au soli ya kiatu?"

"Tafuna tu," mama akasema. "Ndipo utakapojua kwa nini sisi tulifika kwenu na ninyi hamkufika kwetu."

Tangu hapo wale wawili walikuwa marafiki, na mimi nikawa na kazi ya kusimamisha hema huku Mwalimu akiniongoza akiwa amelala. Alikuwa na ushauri mwingi. Upepo nao ulikuwa na ushauri wake. Lilisimama hatimaye, na kwa heshima ya nyumbani nikaliacha liegemee upande uleule.

Baada ya hapo ndipo nilipomwona mama amesimama peke yake kwenye mchanga mgumu, viatu mkononi, anaitazama bahari. Alisimama muda mrefu. Nikamfuata nikitarajia maneno ya shukrani kwa Muumba.

"Haya maji hayanyweki?" aliuliza.

"Hayanyweki, mama. Yana chumvi."

"Wala bustani huwezi kumwagilia."

"Huwezi."

"Mm," akasema, akapandisha kanga, akaingia mpaka magotini.

Mwalimu alikuwa amepanga mambo yote: kutembea porini na askari, kwenda kwa boti mtoni kutazama viboko, kuogelea, kuchoma nyama. Mimi na mama tuliyatimiza karibu yote. Asubuhi tulitembea na yule askari, bunduki begani, akatuonyesha nyayo za tembo walioshuka mpaka ufukweni, na mama akamuuliza kama hao tembo nao ni watani, maana wamekanyaga kila kitu. Mchana tukapanda boti. Viboko waliinua vichwa kwenye maji ya kahawia, mamba mmoja akajivuta kutoka ukingoni bila haraka, na mama, ambaye hakujua kuogelea hata kwenye karai, alikaa mbele kabisa akicheka peke yake. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa namna ile. Nyumbani hucheka kwa kuficha mdomo.

Tuliporudi tulikuta kambi imebadilika. Tumbili walikuwa wamegundua kwamba mlinzi wetu hainuki. Walikuja kwanza mmoja mmoja, Mwalimu alitueleza, kwa adabu, halafu wakaleta familia. Alikuwa na fimbo, lakini fimbo ilifika pale tu mkono wake ulipofika, na tumbili walichora mpaka huo haraka kuliko wanafunzi wake wanavyochora ramani. Walikula mkate wote, ndizi, na soseji alizozinunua maalumu kwa ajili ya kuchoma. Mmoja alionja tobolwa, akalitema, akaondoka na kofia ya Mwalimu.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nilizungumza nao."

Mama alikwenda kuoga baharini tena jioni ile, jua likiwa bado lipo. Nilimfuata kwa sababu mawimbi yalikuwa yameongezeka kidogo. Tukakaa pamoja kwenye maji ya kina kifupi, kanga zetu zikijaa na kupungua hewa kama mapafu. Akaanza kuzungumza bila kunigeukia.

"Baba yake mumeo aliniahidi kunileta pwani mwaka ule ule tulipooana," alisema. "Alikuwa amesimuliwa na babu yake. Kila tukiuza tumbaku anasema, mwakani. Mwakani mvua haikunyesha. Mwakani mtoto anaumwa. Mpaka tukamzika, bado ni mwakani." Akachota maji kwa kiganja, akayaacha yamwagike. "Huyu alikuwa mdogo, anacheza chini pale. Mimi nilidhani hasikii."

Miaka yote niliyokaa na mwanawe hakuwahi kunitamkia habari hiyo. Alikuwa amenipa misafara, hewa ya bahari, video za watu wanaochoma nyama, kila sababu isipokuwa ile yenyewe.

Nilirudi kambini nikamkuta amelala vilevile, alama za majani ya mvinje zimemchora shavuni.

"Kwa nini hukuniambia kwamba safari ni ya mama?"

Akautazama mti.

"Ungelia," alisema.

"Mimi?"

"Basi ningelia mimi."

Ningeweza kumwambia maneno mazuri, na yalikuwepo. Nikamwambia ageuke nimpake dawa. Niliipaka polepole, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani hakunieleza chochote kuhusu wapagazi.

Siku ya mwisho mama aliamuru kwamba mwanawe naye apelekwe majini. Alitembea mwenyewe, ametushika pande zote mbili, amepinda kama ndoano, hatua fupi fupi. Tulimkalisha mahali mawimbi yanapofikia kiuno. Maji yalikuwa ya vuguvugu, na maji ya vuguvugu ni tiba, hilo hata vitabu vyangu vinakubali. Tulikaa watatu. Mama akamwosha mgongo kwa viganja vyake kama anavyooshwa mtoto, na mwalimu wa historia, mwenye nywele za mvi, akainamisha kichwa akamwacha amwoshe. Askari alipita kwenye doria, akatuona, akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akaendelea na njia yake. Hata utani una mipaka.

Njia nzima ya kurudi niliendesha mimi. Mama alikaa mbele, Mwalimu amelala kiti cha nyuma akitazama paa la gari. Karibu na Manyoni alijaribu kutueleza habari ya kisima fulani ambacho hakukiona, kwa kukisia tu kwamba tumefika.

"Lala, baba," mama akamwambia, naye akalala.

Alirudi kazini akitembea kwa kujishika kiuno. Ofisini kwa walimu, nilivyosikia, habari ya kiuno hicho ilikuwa na simba ndani yake. Sikuisahihisha, maana mtu aliyeporwa kofia na tumbili ana haki ya kuchagua mnyama wake.

Mimi ndiye niliyemrudisha mama Usoke. Wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wamekwisha kukusanyika barazani, na hata hatujashusha godoro wakamuuliza hiyo bahari ikoje. Mama alifikiri kwa muda, kidole kwenye kidevu, nao wakangoja.

"Inapumua," alisema.

Wakangoja aendelee. Yeye akafungua mlango wa uani, akaenda kuangalia kama kuku wake wametimia.