Kifuniko cha Mashine Kimekuwa Mlango wa Kuku

Bunia, Jumatatu, majira ya mvua.

Kwako Dada Admin, na wapendwa wote wa kundi letu,

Salamu. Naomba ufiche jina langu, kwa maana nitakayosema ni ya nyumbani. Niko na miaka thelathini na nane, mjane, mama wa wasichana wawili. Ninaishi mtaa wa Rwambuzi, katika kiwanja cha familia ya marehemu mume wangu. Tuko wengi hapa, zaidi tangu ndugu zake walipokimbia vita kutoka Djugu, lakini toka mume wangu alipotutoka sina mtu wa kuongea naye. Wananisalimia vizuri, halafu wanapita.

Mume wangu alikuwa anasagia watu unga kwenye mashine ya kaka yake, ambaye watoto wangu wanamwita Baba Mukubwa. Kila asubuhi, mbele ya kuwasha moteri, alizungusha gurudumu kwa mkono, akapapasa mkanda aone kama umeanza kupasuka, kisha akagonga mara mbili kile kifuniko cha chuma kinachofunika mkanda. "Hodi, mama," aliiambia mashine. Kifuniko kikilia kwa kulegea, alikaza skrubu kwanza. Wamama kwenye mstari walimcheka: "Papa, unapigia bibi yako wa pili hodi?" Naye akajibu, "Ndiyo, na huyu akikasirika harudi kwao. Anakula mutu." Kisha aliwaambia wafunge vikwembe vizuri, kitambaa kisishikwe na mkanda.

Wengine walichoka kungoja. "Lakini iko inatembea!" walisema. Hapa kwetu mashine ikinguruma tu, tunasema inatembea, na maneno yanaishia hapo. Mume wangu aliwajibu, "Hata mulevi anatembea. Uliza kama atafika."

Siku moja alienda Epulu kuzika shangazi yake. Huku nyuma mkanda ulilegea mara kwa mara, na mstari ulikuwa mrefu kwa sababu ya wakimbizi. Baba Mukubwa akachoka kufungua skrubu kila saa, akatoa kifuniko. Mume wangu aliporudi alikiulizia. "Mudogo wangu, mashine iko inatembea na watu iko na njaa," kaka yake alimwambia. "Tutakirudisha siku ya Mungu, tukifunga kazi." Jumapili haikumkuta. Mkanda ulishika shati yake kwenye mkono, ukamvuta. Walipozima moteri alikuwa bado anapumua, lakini hospitalini hakukawia. Tulipomuosha, ndani ya masikio mulikuwa bado na unga.

Mashine ilifungwa. Sasa mji umetulia kidogo, watu wanathubutu kutoka na mahindi yao, na Baba Mukubwa anataka kuifungua tena. Amenunua mkanda mpya na kupaka moteri rangi ya kijani. Jumamosi mchungaji atakuja kuiombea. Lakini wamama wa mtaa wanaogopa. Wamesema, "Bibi ya marehemu akisaga wa kwanza, na siye tutasaga." Ndipo familia ikaniita, ikaniambia nijaze beseni langu mahindi, nitangulie mbele ya wote.

Nikauliza, "Na kifuniko?"

Mama mkwe aliangalia chini. Wifi yangu akasema, "Huyu anataka tulale njaa ndio roho yake ipoe?" Baba Mukubwa alinifuata jikoni, akasimama karibu na moto, akaanza kulia.

"Muke ya mudogo wangu," akasema, "nikikirudisha leo, watu wote watasema ni mie nilimuua."

Huyu ndiye alilipa jeneza, ndiye anatupa bugali kila siku. Simchukii. Nilimpa kiti akakaa, nikaendelea kupepeta mchele.

Wapendwa, kifuniko hakikupotea. Kile chuma ndicho mlango wa nyumba ya kuku hapa kiwanjani. Walikiweka wakati mume wangu yuko Epulu, sababu kicheche kilikuwa kinamaliza vifaranga. Matundu ya skrubu bado yapo, na mahali alipokuwa anagonga rangi imetoka, duara dogo kama la kizibo cha soda. Kila asubuhi ninakisogeza ili kuku watoke. Kinalia sauti ile ile. Wote wanakiona, hakuna anayekitaja.

Jana jirani yetu mmoja aliyekimbia Djugu alipita, mtoto mgongoni, ncha ya kikwembe ikining'inia mpaka magotini. "Mama," akaniambia, "Jumamosi tutasaga pamoja, eh? Nikienda kusaga kule mbali, miguu iko inaniuma." Nilimfunga ile ncha vizuri. Akacheka: "Unanifunga kama mutoto mudogo!" Nilitaka kumwambia, nikaishia kumkazia mtoto mgongoni. Jumamosi atakuwa nyuma yangu kwenye mstari, kwa sababu ananiamini.

Basi nishaurini. Jumamosi nitatoka na beseni kichwani, hilo haliepukiki. Niweke mahindi ndani yake, ao niweke kile chuma? Nikipeleka mahindi, wamama wote watanifuata wakijua mashine imepona. Nikipeleka chuma, Baba Mukubwa atapata haya mbele ya mchungaji na mtaa mzima, na sijui mimi na wasichana wangu tutalala wapi.

Mtakaosoma, nawaomba kitu kimoja. Mkifika kwenye mashine yoyote, mbele ya kuinamisha beseni lenu, gongeni kifuniko cha mkanda mara mbili. Mkikosa kitu cha kugonga, rudini nyuma na mahindi yenu. Mkifanya hivyo mtakuwa mmemkumbuka mume wangu. Na mkiomba Ijumaa jioni, mnikumbuke na mimi.