Siagi Kwenye Kioo cha Kamera

Mwaka wa uhuru, mpiga picha wa Kilibula alitupiga picha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, pale Uvira, mimi na mdogo wangu wa kike, kila mmoja peke yake. Zamu ya mdogo wangu alipaka siagi kidogo pembeni mwa kioo cha kamera, na uso wake ukatoka umezungukwa na mwanga kama malaika. Siagi yenyewe niliisuka mimi, nikitikisa maziwa kibuyuni, kwetu kule Rurambo milimani, mpaka mabega yakaniuma. Zamu yangu akapangusa kioo. "Weye iko sawa hivyo hivyo," akasema, bila kupaka siagi.

Uasi ulipoanza, miaka michache baadaye, tukakimbilia Burundi. Mama alificha kitengeni picha moja tu, ile ya mdogo wangu, ya siagi. Wageni walipokuja aliwaonyesha: "Mtoto wangu huyu." Mimi nilikuwa palepale, nawamiminia chai.