Mbuzi Mmoja Ndani ya Boneti

Umande bado umelala juu ya boneti Dolphine Apondi anapotandika gunia chini ya gari, anajilaza chali na kuingia kichwa mbele. Kinachobaki nje ni raba zake mbili na upindo wa ovaroli ya buluu. Kutoka huko chini sauti yake inasikika.

"Mbithi, nipe spana kumi na nne. Si hiyo. Hiyo ni ya kukorogea chai."

Mbithi, fundi wa friji ambaye kibanda chake kimeegemeana na cha Dolphine katika uwanja huu wa magari hapa Kitengela, anacheka na kumpitishia nyingine. Malori ya Namanga yanapita barabarani yakitikisa ardhi. Dolphine hashtuki. Spana inalia mara moja, boliti inalegea, naye anaguna kama mtu aliyeonja mchuzi akaukubali.

Gari lenyewe ni la spoti, milango miwili, pua ndefu, la miaka ya sabini, rangi ya chungwa lililoiva. Mwenyewe ni Ledama, kijana anayenunua na kuuza mifugo soko la Kajiado. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akaliandika nyuma kwa rangi nyeupe: Olng'atuny. Kwa Kimaasai, huyo ni simba.

Leo ni Jumanne. Jumamosi simba huyu anatakiwa kumbeba bibi harusi. Na hapo ndipo penye hadithi.

Mwaka jana, 2000, ndio ule mwaka wa ukame, ng'ombe wakianguka njiani. Ledama alimwendesha simba wake hadi kwa Mzee Kuntai, nje ya mji wa Kajiado, kwenda kujitambulisha kwa ajili ya binti yake, Caroline. Alivaa suti. Alipaka viatu rangi. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya boma, gari likachemka, mvuke ukapanda kama jiko la kuni mbichi.

Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya ndama tu, yaliyoletwa na punda kutoka mbali. Rejeta iliyanywa yote, ikabaki ikikohoa ikitaka mengine.

Mzee Kuntai alitazama debe lililokauka, akatazama maandishi ya nyuma ya gari.

"Huyu ni simba gani anakunywa maji ya ndama?" aliuliza.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee hakucheka. Akaongeza, "Siku ya harusi akikunywa tena, msichana yangu ataenda kanisa na lori ya mbuzi. Na wewe utapanda hapo nyuma, uwashike pembe."

Wanaomjua Mzee Kuntai wanajua kwamba akisema jambo, amesema.

Tangu siku hiyo Ledama hakupata usingizi mzuri. Fundi mmoja alibadilisha kifuniko cha rejeta, mwingine pampu ya maji. Gari likachemka vilevile. Ndipo mtu sokoni akamwambia, nenda Kitengela, uulize Mama Melvin, usishangae ukimkuta amevaa hereni.

Mama Melvin ndilo jina ambalo uwanja mzima humwita Dolphine, kwa mwanawe wa kwanza. Siku ile gari lilipoletwa hakugusa kitu. Alifungua boneti, akavuta kigoda, akaomba chai yake, akakaa akitazama injini kama mtu anayemtazama mtoto mgonjwa, akingoja aseme mwenyewe panapouma. Chai ilipokwisha, akainuka.

"Unaona hii wavu?" alimuuliza Ledama, akionyesha kondensa ya kiyoyozi, ile iliyosimama mbele ya rejeta. "Gari inataka kupumua, na huyu amekaa kwa mlango. Ni kama mgeni mnono amekalia mlango ya jikoni. Hapishi, hatoki, na moshi yote inabaki ndani."

"Lakini hiyo ni AC, Mama Melvin."

"Inatoa baridi?"

"Ilikufa kabla ninunue."

"Basi unabeba maiti. Na kompresa yake beringi imekauka, mkanda inaiburuta kama punda amekataa njia. Injini inafanya kazi ya watu wawili."

Ledama alikuna kichwa. "Gari iko na AC ni gari ya heshima."

"Heshima ni kufika," Dolphine akamjibu, akafunga boneti.

Dolphine ni mzaliwa wa Ugenya, kule ambako mvua ikianza haiombi ruhusa. Kaka yake alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, cha injini ya dizeli, na yeye alikua akilala kwa mlio wa injini hiyo. Ikinyamaza ndipo anaamka. Mwaka wa 1991 alikuja na mumewe, karani wa kiwanda Athi River, wakapanga chumba Kitengela wakati mji huu ulikuwa bado ni maduka machache na upepo mwingi.

Alianza kwa kuwauzia mafundi uji. Siku moja nati ilidumbukia ndani ya injini ya lori, mikono ya wanaume ikakataa kupita. Wakamwita muuza uji mwenye mkono mwembamba.

"Mkono uliingia," anasema Dolphine, "na mpaka leo haujatoka."

Siku nzuri huenda nyumbani na shilingi mia tano. Siku mbaya huenda na grisi peke yake. Karakana yake ni turubai lililofungwa kwenye nguzo mbili, na mvua ikinyesha hujihifadhi chini ya gari lolote lililo karibu. Anachotaka, ukimuuliza, ni bati. Paa la bati, na shimo la kushukia chini ya magari badala ya gunia. Mgongo wake, anasema, umeshalijua kila jiwe la uwanja huu kwa jina.

Turudi kwa simba. Kabla ya kulegeza bomba lolote, Dolphine anamwita Mbithi na mashine yake ili aifyonze gesi yoyote iliyobaki na kuitia mtungini. Mafundi wengi hukata tu bomba, gesi ikapuliza. Dolphine hataki. Aliwahi kuona fundi akipulizwa mkononi, ngozi ikaungua kwa baridi.

"Kuungua kwa baridi!" anasema akitikisa kichwa. "Nikisema hivyo kwetu wataniombea."

Baada ya hapo kazi inakwenda kwa utaratibu wake. Kompresa inashuka, nzito kama jiwe la kusagia. Kondensa inatolewa mbele ya rejeta, nyuma yake pakiwa na mabawa ya panzi, manyoya na vumbi la miaka. Mabomba yanafuata, kisha lile sanduku la baridi chini ya dashibodi. Mkanda mrefu unawekwa kando, mfupi unavalishwa. Nyaya zilizobaki bila kazi anazifunga kwa utepe, moja moja, kama mtu anayesuka nywele.

Ledama anafika mchana na kukuta rundo chini.

"Hiyo yote ilikuwa ndani?" Mchuuzi wa mifugo haamini kitu mpaka kipimwe. Anatia vyuma vyote guniani na kumburuta Mbithi hadi buchari iliyo ng'ambo, wanalining'iniza gunia kwenye mizani ya nyama. Kilo thelathini na moja.

"Mbuzi!" Ledama anapiga kelele, buchari nzima inageuka. "Nimekuwa nikizunguka na mbuzi mzima kwa boneti!"

"Na mbuzi mwenyewe halipi nauli," anasema Mbithi.

Alhamisi wanakwenda kulijaribu. Dolphine ana desturi yake: mwenye gari ndiye huendesha, yeye huketi pembeni, macho kafumba, akisikiliza. Siku hiyo amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, kwa kuwa jioni ana mkutano wa akina mama. Wanapita Isinya, mshale wa joto umetulia katikati. Wanapita mji wa Kajiado, umetulia. Wanaacha lami, wanashika barabara ya vumbi, kilima cha aibu kinawakabili, simba anapanda akinguruma bila kukohoa hata kidogo. Ledama anaimba. Dolphine haimbi. Dolphine anapiga chafya.

Mzee Kuntai yuko langoni, mkono wake umeshika debe la maji ya ndama, amelificha nyuma yake simba asilione.

"Takwenya!" anamsalimu mgeni.

"Iko!" anajibu Dolphine, akishuka.

Mzee anamtazama kutoka juu hadi chini. Kisha kicheko ambacho hakikutoka mwaka uliopita kinatoka chote kwa mara moja. Mama wa watu ni mwekundu kwa vumbi kuanzia viatu hadi kitambaa. Weupe umebaki kwenye meno.

"Mimi nilikuwa morani," anasema Mzee, akijifuta machozi, "na sikupakwa olkaria, ule udongo mwekundu, namna hii! Ledama, umeniletea fundi ama umeniletea morani?"

Caroline anatoka nyumbani, anamtazama Dolphine, na uso unamsawijika. Gauni lake la harusi ni jeupe. Na Jumamosi ni keshokutwa.

"Mama," anasema polepole, "na mimi nitakaa hapo hapo?"

Dolphine tayari yuko magotini, kichwa chini ya dashibodi. Tatizo analiona mara moja, na anajicheka. Mabomba ya kiyoyozi yalipita kwenye tundu la ukubwa wa ngumi, katika ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya abiria. Alipoyatoa, aliliziba tundu kwa kipande cha mpira, akakibana juu tu na kukiacha kining'inie, kama nyasi za ukingo wa paa, maji yateleze.

"Nimefanya kazi ya Ugenya," anasema akiwa huko chini. "Kwetu adui anatoka juu. Huku anatoka chini!"

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anaomba debe tupu la mafuta ya kupikia na kulikata vibati viwili. Lakini bati juu ya bati huacha mwanya, na vumbi la Kajiado halihitaji mwanya mkubwa. Hapo mke wa Mzee Kuntai, Mama Jane, anayewatazama akiwa na ushanga mkononi, anaingia ndani na kurudi na kipande cha ngozi ya ng'ombe.

"Iloweke kwanza," anasema. "Ikiwa imelowa inafuata kila kona. Ikikauka, hata chungu hapiti."

Wanakaa chini wawili hao, mmoja ana mkasi wa bati, mwingine ana kisu cha kukatia ngozi, wakibishana kuhusu umbo la tundu kama mama wanaokata kitambaa cha sare. Ngozi inawekwa kati ya vibati viwili, boliti zinakazwa. Kisha Mama Jane mwenyewe anaingia kiti cha pembeni, anatandika shuka jeupe juu ya magoti, anaamuru, "Endesha. Na usipunguze kwa matuta."

Wanazunguka kilima na kurudi. Shuka ni jeupe kama lilivyokwenda. Caroline analikunjua, analigeuza huku na huku, halafu anamkumbatia Dolphine, vumbi na yote.

Jumamosi simba alipanda kilima hicho mara tatu, na mara zote tatu hakuomba maji. Caroline alishuka kanisani akiwa mweupe kama maziwa ya asubuhi. Ndama walikunywa debe lao lote, Mzee Kuntai akisimama kando kuhakikisha kila mgeni ameona.

Jioni alimwita Dolphine mbele ya watu, akishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa mbuzi jike, mwenye mimba.

"Nimesikia umetoa mbuzi moja kwa gari," alisema. "Kwetu mbuzi haipotei hivyo. Chukua hii. Na kuanzia leo, wewe si Mama Melvin kwangu. Wewe ni Pakine, na mimi ni Pakine wako."

Ndivyo Wamaasai hufanya. Aliyekupa mbuzi na wewe uliyepewa hamwitani tena kwa majina yenu. Mnaitana kwa jina la zawadi, na la mbuzi ni Pakine, hadi mwisho wa siku zenu.

"Asante, Pakine," alisema Dolphine, akiipokea kamba.

Ukirudi leo uwanjani Kitengela utamkuta mbuzi huyo amefungwa kwenye nguzo ya turubai, akitafuna gunia la fundi. Dolphine amepiga hesabu zake: wakizaliwa pacha, mmoja atakuwa paa la bati, mwingine shimo. Mbithi anasema anahesabu mbuzi walio tumboni.

"Wacha nihesabu," anamjibu, akitandika lililobaki la gunia chini ya gari jingine. "Wewe hujui vile huyu alikuja hapa? Alipanda Olng'atuny, nyuma ya kiti, kilo zote zilirudi ndani ya gari. Na mshale wa joto haukusonga."