Haboba, Pongo na Usingizi wa Mama

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Nyakuron, tulifundishwa kumwogopa pongo, yule swala wa vichakani, kuliko simba. Simba akikukamata utapiga kelele, watu watakuja. Pongo, alisema haboba, bibi yangu mzaa mama, hukutazama tu kutoka kichakani, na macho yake hukufuata hadi nyumbani yakakulaza mchana kama mlevi.

Ndio kwanza tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Kenya. Nchi yetu ilikuwa na bendera mpya, kila mdomo uhuru, uhuru. Mama alikata nyasi za kuezekea kando ya kijito nje ya mji, pale pongo wanapokunywa maji. Haboba hakumwacha aende hivihivi. Alimfunga kitambaa cha buluu iliyokolea kichwani na kingine mabegani, maana kwao inaaminika pongo haoni buluu.

"Yuma, nitafanana na mtoto wa shule," mama alimwambia mama yake akicheka.

"Fanana. Bora yeye asikuone. Yala, nenda."

Alirudi akijikuna shingo. Mainzi ya huko, alisema, ni kama polisi wa barabarani, yanakuvamia hata salamu hakuna.

Homa ikaja, ikaenda, ikarudi. Kliniki wakasema malaria, wakampa vidonge vya malaria. Kisha mama akaanza kusinzia akisonga asida, mwiko mkononi. Usiku hakulala, aliongea na watu tusiowaona. Haboba akalia, "Nilimfunga kwa mkono wangu, na bado pongo amemwona." Akaongeza vitambaa.

Mwishowe muuguzi mmoja akampima maji ya uti wa mgongo, akasema ni malale, dawa ipo kwa kawaja, wale wazungu wa misaada, tumlete wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na bunduki. Wakubwa waligombania viti, kawaja wakapanda ndege, stoo ya dawa ikabaki na kufuli. Tulimlisha mama uji kwa kijiko chini ya kitanda, risasi zikipita juu ya mabati. Siku moja hakumeza. Khalas.

Nilienda Kampala nikasoma zoolojia. Leo nina digrii na ninauza vocha za simu mtaani Hai Cinema, asante sana serikali. Lakini darasani nilielezwa vizuri: mbung'o, yale mainzi ya kijitoni, humnyonya mgonjwa, au mnyama kama pongo na nguruwe, ambaye hubeba vimelea damuni bila hata kukonda, kisha humuuma mtu mwenye afya. Nikajiambia, kumbe haboba hakuwa mjinga. Halafu mwalimu akatuonyesha mtego wa mbung'o. Ni kitambaa cha buluu. Hakuna rangi mdudu yule anayoifuata kama hiyo. Nilitoka nje kabla kipindi hakijaisha, nikikumbuka vitambaa viwili vya mama.

Haboba bado yuko hai. Majuzi, tukichambua dengu, aliniuliza, "Ya jena, mjukuu wangu, umesoma wanyama miaka yote hiyo. Alikuwa ni pongo?"

"Alikuwa pongo, haboba."

Vidole vyake vikaendelea kutafuta mawe kwenye sinia.

"Basi mimi nilimfunga vibaya?"

"Hapana. Ulimfunga vizuri."

Jibu la kwanza ni nusu ya kweli. La pili nimelifikiria sana, na silirudishi. Katika nchi hii nzima, na viongozi wake na madaktari wake na sisi wa vyeti, ni mtu mmoja tu aliyejaribu kumkinga mama yangu kabla hajaugua.