Kondasateri kwenye majivu

Harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka inanisimamisha mbele ya fundi wa simu, hapa Sake. Chuma chake cha kulehemu kinapata moto kwenye umeme, nami niko tena jikoni kwetu Kingi, nachambua maharagwe.

Papa alikuwa amefungua redio iliyonyamaza. Tuliingoja itupe habari za barabara ya Walikale, maana kaka yangu alikwama huko. Akatoa ndani yake kitu kidogo kama kipande cha mshumaa, kilichofunikwa nta.

"Hii njo kondasateri," akaniambia. "Inakamata moto ya mapile, hizi betri, inaichunga kidogo, kisha inaiachilia polepole. Sasa haichungi tena."

Mama yake, Koko wetu, alikuwa anasikia. Jioni, alipofukia makaa kwenye majivu ili asubuhi tusiombe moto kwa jirani, akafukia pamoja nayo kile kitu.

Kulipokucha, nta yote ilikuwa imeyeyuka.

"Mama, umefanya nini?" Papa akauliza.

"Si ulisema haijui tena kuchunga moto? Nimeiweka penye moto inachungwa."

Papa akatoa kondasateri nyingine kwenye redio ya zamani iliyokufa, akachomeka chuma chake katika makaa yale yale ya Koko mpaka kikawa chekundu, akaiunganisha kwa risasi kwenye redio yetu.

Redio ikakohoa, kisha ikasema barabara imefunguliwa.

Koko akapiga makofi. "Munasikia? Ile njo moto yangu inasema!"

Papa, chuma bado mkononi, hakumkatalia.