Mfagizi wa Ikulu

Kama kuna jambo Minza Mahona alikuwa halivumilii duniani, ni pamba safi kuchanganywa na fifi. Alilelewa hivyo. Kwao, upande wa Sapiwi, mtoto wa kike alijua kuchambua pamba kabla hajajua kusonga ugali: nyeupe huku, fifi, ile ya madoa na majani makavu, huku, na aliyechanganya alirudishiwa kapu lake mbele za watu. Basi mwaka ule wa 1995, alipomwona mnunuzi wa pamba akimwaga safi na fifi chumba kimoja, akaikanyaga kwa viatu vyake vya matope, kisha akainyunyizia maji ndoo nzima ili iongeze uzito, Minza aligeukia pembeni akatema mate. Na chumba chenyewe ndicho kilichomtia kichefuchefu zaidi. Kilikuwa chumba cha kulala cha mtemi.

Nyumba hiyo watu wote wa pale waliiita ikulu, kama walivyoiita babu zao. Kwa Kisukuma, ikulu ni kwa mtemi, basi: anapokaa, anapoamulia kesi, ngoma zake zinapotunzwa. Hii ilijengwa kwa mawe enzi za Mwingereza, ikazungushiwa baraza pana pande tatu, na uani kukawa na msonge mkubwa wa ngoma. Mji mzima ulizungukwa na uzio wa minyaa aliyoipanda Mahona, baba yake Minza, mche mmoja mmoja, mpaka utomvu ukamharibia jicho la kushoto. Nyuma ya uzio ilianza ngitiri, mbuga ya nyasi na migunga iliyofungwa wakati wa mvua mfugo wowote usikanyage, ikafunguliwa kiangazi kikishakolea, na hapo kwa ndama na ng'ombe wanaonyonyesha tu. Dume lililoingia mle lilichinjwa likaliwa na kijiji, na mwenyewe alikaribishwa aje ale na wenzake.

Serikali ilipofuta utemi, ikulu walipewa watu wa chama cha ushirika wakaifanya ghala. Watu wa chama hawakuwa malaika, lakini walikuwa na adabu zao. Vyumbani mwa mtemi waliweka magunia matupu na mizani, pamba wakaiweka barazani chini ya turubai, na msonge wa ngoma hawakuugusa. Mwaka 1976 walimwajiri Minza kufagia. Alikuwa ametoka kwenye kisomo cha watu wazima, anajua kusoma na kuandika, ndiyo maana walimpa na funguo. Kazi ile aliipenda kuliko alivyompenda marehemu mumewe, na hakuona haya kulisema hilo hata mbele ya mawifi.

Ndipo likaja soko huria. Redioni lilisifiwa sana. Pale kijijini lilikuja kwa sura ya chama kukata pumzi, mshahara wa mfagizi kukatika, na malori ya watu binafsi kuingia kila mmoja na mizani yake iliyochezewa kwa namna yake. Minza hakupata barua ya kuachishwa kazi, kwa hiyo hakuacha. Aliendelea kufagia kinyesi cha popo kila asubuhi, akafunga milango, akarudi shambani kwake.

Mnunuzi yule wa ndoo ya maji, aliyekuja kukaa pale, aliitwa Januarius. Alikuwa wakala wa kampuni moja ya Mwanza, ambayo jina lake yeye mwenyewe alilitamka kila siku tofauti. Alikuwa mtu wa kucheka sana, mwenye mikono laini yenye unyevunyevu, na akikushika mkono ulitamani ukanawe. Alimpa mwenyekiti wa kijiji, Mwandu, redio ya kaseti na suruali mbili, na Mwandu akampokonya Minza funguo kwa maelezo kwamba maendeleo yamefika. Kuanzia siku hiyo Mwandu alitembea kijijini na redio begani, na suruali ndefu kuliko miguu yake ikifagia vumbi nyuma, na hakuwa na habari kwamba anachukiza.

Vijana wa Januarius walilala barazani, wakapikia barazani. Migunga ya ngitiri walianza kuikata kwa kuni, kisha wakaona faida, wakaanza kuchoma mkaa. Ng'ombe waliingia ovyo, madume na maksai, kwa kuwa uzio ulitobolewa pakapita lori. Na siku ya Jumanne moja ya Septemba, Minza alikuta mlango wa msonge umevunjwa. Alichungulia. Ngoma tatu zilikuwa zimesukumwa ukutani, na pale kati, palipokuwa hapakanyagwi ila na mtemi na mpigaji wake, wale watu walikuwa wamejisaidia. Si mara moja. Walipafanya choo chao cha kila siku, kwa uvivu wa kutembea hatua hamsini hadi porini.

Minza alizoa uchafu ule kwa jembe, akaufukia. Hakulia. Alinawa mikono hadi viwiko.

Alikwenda kwa Mwandu. Mwenyekiti alizima redio, akamweleza kwa sauti ya upole kwamba asijisumbue na msonge, maana muda si mrefu hapatakuwa na msonge. Kampuni imeomba kuuziwa mahali pote pale. Watabomoa nyumba wapate mawe ya kujengea ghala kubwa barabarani, na ngitiri itafyekwa iwe maegesho ya malori. Kilichobaki ni sahihi tu ya ofisini.

Minza alizunguka kwa wanaume waliokula nyama za madume ya ngitiri ujanani mwao. Wote walisikitika. Mmoja alisema ni mali ya chama, mwingine akasema ni mali ya ukoo wa mtemi, wa tatu akaulizia kama kampuni itaajiri walinzi. Alirudi nyumbani amewachoka kabisa, akararua karatasi mbili katikati ya daftari, akaandika barua. Aliandika kama alivyofundishwa kisomoni, sentensi fupi, kila moja na nukta yake.

"Kwa mkuu wa ofisi. Mlango wa Ikulu umevunjwa Jumanne. Watu wanajisaidia ndani ya Ikulu. Mwenyekiti amepewa redio ili Ikulu iuzwe. Wanunuzi wanasema wataibomoa. Mimi nafagia Ikulu tangu mwaka 1976 na funguo nimenyang'anywa. Njooni upesi. Minza Mahona, mfagizi wa Ikulu."

Alipanda tela la trekta hadi Bariadi, akaipeleka katika ofisi ya wilaya aliyoelekezwa, akaiacha mapokezi, akarudi.

Sasa, mtu yeyote wa kwao angeisoma barua ile akaielewa. Lakini mezani aliketi Bwana Thomasi, afisa aliyehamia kutoka kusini, hajamaliza hata mwezi, na Kisukuma chake kilikuwa kimeishia kwenye salamu ya asubuhi, "mwangaluka". Nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Neno Ikulu lilikuwa midomoni mwa kila mgombea na kila mlevi, na Ikulu waliyoisema iko Dar es Salaam. Bwana Thomasi alisoma kwamba Ikulu inauzwa kwa redio na watu wanajisaidia ndani yake, jasho likamtoka. Aliona uchochezi. Aliona mtandao. Zaidi ya yote alijiona yeye mwenyewe akiulizwa kwa nini barua ile ililala mezani kwake.

Kesho yake mchana Landrova iliingia kijijini na askari wanne. Januarius aliona vumbi lake kwa mbali, akadhani wamefuata mizani yake iliyochezewa, akaruka juu ya lori akaondoka hata viatu hajavaa. Vijana wake walitawanyika porini. Mwandu alitokea akikimbia, suruali ameishika kwa mikono miwili, akajieleza kabla hajaulizwa kitu.

Bwana Thomasi aliuliza nani kaandika kwamba Ikulu inauzwa. Minza alijitokeza na ufagio wake mkononi, akapiga goti kusalimia kama ilivyo desturi, akasema ni yeye, na karibuni, Ikulu yenyewe ndiyo hii.

Afisa alitazama mabati yenye kutu. Alitazama popo. Aliingia kwenye msonge kwa hasira ili aone hicho kilichovunjwa, na kwa kuwa Minza alikuwa hajafagia tangu asubuhi, alikanyaga. Alitoka akisugua kiatu kwenye majani, uso umemkunjamana. Minza, ambaye kwa siku nyingi hakuwa na mtu wa kuchefuka naye, aliona angalau sasa wako wawili. Alikosea. Bwana Thomasi hakuchefukia uchafu, alichefukia kiatu.

Walimpakia kwenye Landrova hadi Bariadi. Kule akakalishwa kwenye benchi, akaletewa maelezo yaliyokwisha kupigwa taipu, yakisubiri sahihi yake tu. Afisa alimwambia ni kitu kidogo, aweke jina aende zake. Alidhani mama wa kijijini atabonyeza kidole gumba. Minza aliomba karatasi, akaisogeza dirishani, akaisoma kwa kuifuata na kidole. Iliandikwa kwamba yeye Minza Mahona alitumia neno Ikulu kimakosa, kwamba hakuna Ikulu popote wilayani, na kwamba jengo linalohusika ni ghala bovu la pamba lisilo na kazi.

Alielewa mara moja. Ghala bovu lisilo na kazi huuzwa, na hakuna anayeuliza.

"Neno hili ni la kwetu, baba," alisema. "Mlikuja mkaliazima, mkalipeleka Dar es Salaam, hatukusema kitu. Sasa mnataka niandike kwa mkono wangu kwamba mwizi ni mimi?"

Bwana Thomasi alimweleza kwa ukali, kisha kwa ulaini, kisha kwa ukali tena. Mwanamke karani aliyekuwa akipiga taipu, Msukuma wa Maswa, aliinamisha kichwa kwenye mashine yake akawa anaficha kicheko. Saa kumi walichoka wakamwachia. Alirudi kwao kwa miguu hadi njia panda, bila sahihi yake kubaki popote.

Wiki mbili baadaye walikuja watu wa ofisi wakapigilia kibao cha mninga mlangoni: GHALA NA. 7. LINAUZWA. Mwandu alikisimamia kikipigiliwa, akapiga makofi peke yake. Walipoondoka Minza alikaa barazani akikitazama kwa muda mrefu. Hakuna ghala namba moja pale, wala namba mbili, wala sita. Hata uongo wenyewe waliuokota njiani bila kuuchambua. Alirudi na shoka.

Bwana Thomasi alifika tena mwishoni mwa Oktoba, safari hii peke yake kwa pikipiki, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Minza alimkuta akizungukazunguka uani, akamkaribisha kigoda, akamletea maji ya kunawa na bakuli la michembe iliyopikwa na karanga. Mgeni ni mgeni hata akiwa huyu. Afisa alikuwa na njaa. Alikula vile viazi vikavu kwa pupa, na katikati ya kutafuna akamfungulia roho yake. Wakubwa wamegoma. Kila akipeleka faili la mauzo linarudi, kwa sababu karatasi ya kwanza ndani ni ile barua, na hakuna mkubwa anayethubutu kuweka sahihi kuuza kitu kinachoitwa Ikulu, mwezi wa uchaguzi kama huu. Wanataka kwanza mwandishi aikane. Alitoa karatasi mfukoni, ileile, imekunjwa mara nne, na kalamu juu yake. Aliomba. Alisema anaweza kuhamishwa.

Minza alimsikiliza hadi mwisho. Kumbe hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mawe ya mtemi hayakuwa yamemgusa mtu, wala jicho la baba yake, wala migunga iliyogeuzwa mkaa, wala msonge wa ngoma uliogeuzwa choo. Kilichoshika nyumba isianguke ni woga wa watu wanene walioketi mezani, wanaoogopa neno wasilojua hata limetoka wapi. Alifurahi kwamba nyumba imepona, na furaha yenyewe ilimtia kinyaa. Alimrudishia karatasi yake, akasema haandiki.

Afisa alikomba bakuli kwa kidole. Halafu, kama mtu aliyekumbuka kazi yake, akainua macho kwenye mlango akaona matundu manne ya misumari.

"Mama, kibao cha serikali kiko wapi?"

"Michembe huchelewa kuiva, baba," alisema Minza. "Inataka kuni kavu. Umekimaliza sasa hivi."

Bwana Thomasi alitazama bakuli, akatazama mafiga, ambako kipande cha mninga chenye herufi L na I kilikuwa bado kinafuka moshi. Alisimama, akatema mate chini, papo hapo uani kwa mtemi, akawasha pikipiki akaondoka.

Minza aliosha bakuli. Kisha akachukua ufagio, akafagia pale alipotema, akarudia mara mbili.